Nani Atatusemea Angani? Wajibu wa Mwakilishi wa Taifa katika Sheria ya Anga za Juu



Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilidondoka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza, kwa tathmini ya awali, kuwa ni kipande cha roketi. Je, mkulima akiharibiwa nyumba na chuma kama hicho, haki yake ataidai wapi?

Mkataba wa Dhima wa 1972 unaibebesha nchi iliyorusha chombo hasara yote inayotokea ardhini, hata kama haikuzembea. Lakini chini ya mkataba huo mkulima hadai mwenyewe. Serikali yake ndiyo inayoidai nchi hiyo, kwa njia ya kidiplomasia, na kwa kawaida ina mwaka mmoja tu wa kuwasilisha dai.

Kanada ilijua njia hiyo. Januari 1978, setilaiti ya Kisovieti Kosmos 954, iliyobeba kinu cha nyuklia, ilisambaratika juu ya kaskazini mwa nchi hiyo. Kanada ilikusanya vipande, ikaorodhesha gharama na kudai dola zake milioni 6 hivi. Mwaka 1981 walikubaliana milioni 3.

Nasi tumewahi kupaza sauti. Mwaka 1976 Kenya, Uganda na Zaire zilikuwa miongoni mwa nchi za ikweta zilizotoa Azimio la Bogotá, zikidai umiliki wa mzingo ulio kilomita 36,000 hivi juu yao. Dai hilo liligonga mwamba, kwa kuwa Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unakataza taifa lolote kujimilikisha anga za juu. Hata hivyo, nchi zinazoendelea hazikuacha kudai mgawo wa haki, na kufikia 1988 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano lilikuwa limekubali kuitengea kila nchi nafasi katika mzingo huo. Aliyebaki mezani ndiye aliyepata.

Kwa hiyo nasema: tuwe na wawakilishi wa kudumu katika mitandao ya wanasheria wa anga. Ulaya ina kituo chake cha sheria hiyo tangu 1989, na wanasheria wake huifanya kazi ya uwakilishi katika nchi zao wenyewe, wakiwaunganisha wanafunzi, walimu na mawakili.

Uzito uko kwenye kazi hiyo ya nyumbani. Mwakilishi anayeonekana Vienna tu, mikutano ya Umoja wa Mataifa kuhusu anga za juu inapoketi, hajatuwakilisha. Kazi yake ianzie kwa chifu na afisa wa polisi, wajue kuzuia watu wasiguse kipande, kukipiga picha, kuandika saa na mahali, na kuorodhesha hasara ya kila kaya siku hiyohiyo. Bila karatasi hizo, balozi wetu hana dai la kuwasilisha.