Mayai Mengi, Samaki Wangapi?
Wafugaji wengi wa samaki aina ya mwatiko kwenye pwani yetu bado hutegemea vifaranga wa kuokota baharini. Ndiyo maana kituo cha kutotolesha kikitangaza mamilioni ya mayai, tunashangilia, tena upesi mno. Mayai mazuri huelea, yakiangaza kama kioo. Yaliyokufa hugeuka meupe na kuzama. Lakini punguza chumvi ya maji uone: hata yaliyo hai yatazama. Hadubini husema zaidi. Seli za mwanzo zikigawanyika ovyo, usitarajie mengi. Yai huanguliwa baada ya takriban siku moja, na kiluwiluwi hubaki na akiba ya kiini ya siku chache tu. Kwa hiyo, badala ya idadi ya mayai, mimi ningeuliza viluwiluwi wangapi wameanza kula, na samaki wazazi waliotaga mayai hayo walilishwa nini.