Sahihi ya Mhandisi: Elsie MacGill, Ndege na Sheria
Mhadhara wa umma, Singida



Mtu wa Singida anayetaka kwenda Dar es Salaam kwa ndege huanza safari yake kwa basi hadi Dodoma. Uwanjani pale anaweza kupanda Q400 ya Air Tanzania, ile ya mapangaboi, ambayo mbili za kwanza za serikali ziliwasili Septemba 2016. Ziliundwa Toronto, Kanada. Ndani ya kila moja kuna cheti kinachothibitisha kuwa inafaa kuruka, na chini ya cheti hicho kuna sahihi. Abiria haioni. Anafunga mkanda tu na kuombea upepo utulie.

Nataka tuzungumzie sahihi hiyo kupitia maisha ya Elsie MacGill, mhandisi wa ndege wa Kanada, ambaye mwaka 1946 alikuwa mshauri wa kiufundi katika shirika la kimataifa la usafiri wa anga, akisaidia kuandika kanuni za ubora wa ndege za abiria. Mwaka uliofuata aliongoza kamati ya Umoja wa Mataifa iliyohusu uchambuzi wa mikazo katika ndege, yaani kukokotoa nguvu zinazovuta, kukandamiza na kupinda kila kiungo. Wasifu wake humtaja kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza kamati ya Umoja wa Mataifa.

Alizaliwa Vancouver mwaka 1905. Mama yake, Helen Gregory MacGill, alikuwa hakimu wa mahakama ya watoto, kwa hiyo nyumbani kwao habari ya mwanamke kutoa hukumu haikumshangaza mtu. Mwaka 1927 Elsie alihitimu uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Toronto. Akaenda Michigan, Marekani, na mwaka 1929 akapata shahada ya uzamili katika uhandisi wa ndege, wa kwanza miongoni mwa wanawake Amerika Kaskazini.

Shahada hiyo ilipatikana kwa taabu. Karibu na mitihani ya mwisho alipatwa na ugonjwa wa kupooza. Madaktari walimwambia atamaliza maisha yake kwenye kiti cha magurudumu. Mitihani aliifanyia kitandani hospitalini. Miaka iliyofuata alijifunza upya kutembea kwa fimbo mbili za chuma, na ili kulipia matibabu akawa anaandika makala za magazeti kuhusu ndege. Waandishi wengi wa habari zake hupenda kukaa kwenye sehemu hii mpaka machozi yatoke. Mimi napita, maana yeye mwenyewe alipita.

Twende Fort William, mji uliokuwa kando ya Ziwa Superior, mwaka 1938. Kampuni ya Canadian Car and Foundry, iliyozoea kutengeneza mabehewa ya reli, ilimwajiri kuwa mhandisi mkuu wa ndege. Hapo alisanifu Maple Leaf Trainer II, ndege ndogo ya kufundishia marubani, iliyoruka mwaka 1939. Katika safari za majaribio alikuwa na desturi moja: lazima naye apande, akae kiti cha abiria. Mwanamke wa fimbo mbili, anapandishwa kwenye ndege ambayo bado hakuna ajuaye kama itatii. Ni kana kwamba aliuliza: kama hesabu za bawa ni zangu na rubani anazikalia, kwa nini mimi nibaki chini?

Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia kiwanda kiliunda ndege za kivita aina ya Hurricane kwa ajili ya Uingereza. Ugumu wake ni huu: kipande kilichochongwa Fort William kilitakiwa kiingie sawasawa kwenye ndege iliyoundwa Uingereza, bila kupigwa tupa. Kwa hiyo kabla ya ndege yenyewe, ilibidi viundwe violezo na vishikizo vya chuma vya kukibana kila kipande mahali pake. Kazi ya MacGill ilikuwa hiyo zaidi kuliko kuchora umbo zuri. Alisimamia pia kuifanya Hurricane iweze kutua kwenye theluji na kuondoa barafu mabawani. Wafanyakazi waliongezeka hadi takriban 4,500, nusu yao wanawake. Ndege zaidi ya 1,400 zilitoka pale. Mwaka 1942 Wamarekani walimtoa kwenye kitabu cha katuni kama malkia wa Hurricane.

Umaarufu haukumlinda. Kiwanda kilipohamia kuunda ndege nyingine, Helldiver ya jeshi la wanamaji la Marekani, wateja walibadilisha michoro mara kwa mara na kazi ikakwama. Mwaka 1943 yeye na meneja wa kiwanda, Bill Soulsby, waliondolewa. Wakaoana mwaka huohuo, wakahamia Toronto, na huko akafungua ofisi yake ya ushauri wa kihandisi. Sifuniki sehemu hii, kwa sababu wasichana mliopo hapa mtasikia sana habari za mwanamke wa kwanza kufanya hiki na kile. Tunao kwetu pia: Irene Koki Mutungi wa Kenya, rubani aliyefika kuwa kapteni, na Mhandisi Zena Ahmed Said, aliyeteuliwa kuwa Katibu Mkuu Kiongozi wa Zanzibar mwaka 2021. Sifa ya kuwa wa kwanza huandikwa siku ya uteuzi. Haielezi yanayompata mtu mkataba ukiharibika.

Mwaka 1967 serikali ya Kanada ilimteua MacGill kuwa mjumbe wa tume ya kuchunguza hali ya wanawake, chini ya Florence Bird. Ripoti ya mwaka 1970 ilikuwa na mapendekezo 167: malipo sawa, likizo ya uzazi, vituo vya kulelea watoto, polisi ya taifa kupokea wanawake. Lile la mwisho lilitekelezwa mwaka 1974. MacGill aliisaini ripoti, kisha akaambatanisha maelezo yake mwenyewe pale alipoona wenzake wameishia njiani, hasa kuhusu kodi na sheria ya utoaji mimba. Wapo waliomwona mkaidi. Mimi naona ni mtu yuleyule wa Fort William: hesabu asiyokubaliana nayo hakuipitisha kimyakimya, na aliyoikubali aliipanda.

Sasa walimu wa fizikia mliokuja, nawaomba tuhamie kwenye swali la maabara, maana njia ya kuifikia sahihi ya mhandisi huanzia shuleni. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Dar es Salaam kinafundisha matengenezo ya ndege, na kinataka fizikia na hisabati. Nataka nisikie kutoka kwenu: kidato cha pili, ni nani anayeshika vifaa wakati wa jaribio, na ni nani anayepewa daftari aandike matokeo?