Gari Dogo Hula Kidogo, Lakini Halisamehe

(Hotuba ya fundi wa magari kwa kikundi cha kujisaidia, karibu na Runyenjes)



Nimeambiwa kikundi chenu kimeweka akiba na mnataka gari dogo la kupeleka mboga na ndizi sokoni Embu, na usiku kukimbiza mgonjwa hospitali. Mimi ni fundi, siuzi magari. Kwa hivyo nitawaambia uzuri na ubaya.

Uzuri kwanza. Tufanye hesabu pamoja. Tuseme pikapu inakwenda kilomita 10 kwa lita moja, na gari dogo linakwenda kilomita 15. Safari ya kilomita 60 ni lita 6 kwa pikapu, na lita 4 kwa gari dogo. Mkienda mara tatu kwa wiki mmebakisha lita 6. Hizo si pesa kidogo. Lakini ukifunga magunia juu ya paa, tairi zikose upepo, na dereva akanyage mpaka 110, faida yote inaliwa njiani. Mwendo wa 80 unaokoa mfuko na unaokoa uhai.

Sasa ubaya. Si mnajua miteremko ya barabara yetu? Kuna Thuci, na ukishapita Chuka kuelekea Meru kuna Nithi. Pale Nithi, Julai 2022, basi lilitoka darajani likaanguka mtoni, na watu zaidi ya 30 wakafa. Hata hivyo, bado kuna madereva ambao wakifika juu ya mteremko huweka fri, wengine huzima injini kabisa, eti wanaokoa mafuta.

Wacha niwaambie ukweli. Zamani, wakati wa kabureta, walikuwa wanaokoa kidogo. Magari ya siku hizi yana injekta zinazoongozwa na kompyuta. Ukiteremka ukiwa ndani ya gia, mguu ukiwa nje ya mafuta, kompyuta hukata mafuta, na magurudumu ndiyo yanazungusha injini. Ukiweka fri, injini lazima inywe mafuta ili isizime. Basi mwenye fri anapoteza mafuta, na tena injini haimsaidii kushika gari. Breki peke yake hupata moto mpaka zinakataa. Na ukizima injini, breki huwa ngumu na usukani mzito. Teremka na gia ndogo. Kama gari ni otomatiki, weka 2 au L.

Jambo la pili ni uzito. Gari dogo lina kama tani 1. Lori la mchanga linaweza kuwa na tani 20. Yakigongana uso kwa uso, kila moja likienda 50, mwendo wa lori hupungua kwa kama kilomita 5 tu. Gari dogo husimamishwa na kurudishwa nyuma. Ndiyo maana ku-overtake kwenye kona ni kujiua.

Je, tuogope magari madogo yote? Hapana. Mwaka 2014 shirika la Global NCAP liligongesha magari madogo matano yaliyokuwa yakiuzwa India bila mifuko ya hewa, kwa kilomita 64 kwa saa. Yote yalipata nyota sifuri kwa kulinda watu wazima. Moja lao, Polo, lilipojaribiwa likiwa na mifuko miwili ya hewa, likapata nyota 4. Kwa hivyo kabla ya kulipa, angalieni. Taa ya mfuko wa hewa iwake ukifungua swichi, halafu izime. Kama haiwaki kabisa, huenda kuna mtu ameificha. Vuteni kila mkanda, hata wa nyuma.

Mimi niliwahi kuletewa gari la viti 5 lililokuwa limebeba watu 9, mmoja amekaa pamoja na dereva. Mikanda ya nyuma ilikuwa imesukumwa chini ya kiti, haijaguswa. Breki zilikuwa nzima. Sitawaeleza nilichokiona ndani, lakini tangu siku hiyo sifungi safari kabla kila mtu hajafunga mkanda. Na mama asifunge mkanda mmoja yeye na mtoto. Gari likigonga, uzito wa mama utamkandamiza mtoto. Magunia nayo yafungwe kwa kamba, yasije yakawapiga shingoni.

Nunueni gari dogo, ni sawa. Lakini andikeni sheria zake kwenye kitabu cha kikundi kabla ya kumpa dereva ufunguo.

Maswali ya kujadili katika kikundi:
1. Gari letu litabeba watu wangapi, na nani atakataa wakizidi?
2. Dereva akiweka fri, tutafanya nini?
3. Ni pesa ngapi tutatenga kila mwezi kwa tairi na breki?