Sigara Mlangoni mwa Msikiti



Maneno haya niliyazungumza baada ya Tarawehe, na baadhi ya waliokuwepo wakaomba yaandikwe. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni, basi mtanisamehe pale ninaporukaruka.

Naanza na wewe unayevuta. Leo, tangu alfajiri mpaka magharibi, saa zaidi ya kumi na tatu, hukugusa sigara. Umefanya kazi, umebanwa kwenye matatu, umezozana na makanga juu ya chenji, na hukuvuta. Halafu adhana ya Magharibi inalia, tende moja, maji mafunda mawili, na mara hiyo kiberiti mkononi! Usinikasirikie. Mimi pia nilikuwa hivyo hivyo, miaka tisa. Futari yangu ilikuwa tende na sigara, uji ulikuja baadaye.

Kilichonizindua si daktari wala mawaidha. Baina ya Magharibi na Isha tulikuwa na kawaida ya kusimama mlangoni mwa msikiti, pale pa viatu, watu kama saba hivi, tunavuta na kupiga gumzo. Pembeni alikaa mama mmoja akiuza bajia na viazi karai, na mtoto wake wa miaka kama minne amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Usiku mmoja yule mtoto alianza kukohoa, kifua kinalia kama filimbi. Mama akatuangalia, akaangalia karai lake, kisha akamgeuza mtoto uso ukaelekea ukutani. Hakutuambia neno. Na angesema nini? Sisi ndio wateja wake. Angehama aende wapi, na riziki yake ya mwezi mzima iko mlangoni pale?

Tangu siku ile nikisikia watu wanabishana juu ya sheria za kuvuta hadharani, namkumbuka yeye. Mwenye kuvuta anasema, "Mapafu ni yangu, pesa ni zangu, asiyependa moshi na aondoke." Sawa, lakini kuna asiyeweza kuondoka. Mhudumu wa hoteli hawezi kuondoka, yuko kazini. Abiria wa dirishani, gari limejaa, hawezi. Mtoto nyumbani kwako ndiye hawezi kabisa. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na ndani yao wamo zaidi ya milioni moja ambao si wavutaji. Wao walivuta moshi wa wenzao tu.

Sasa wako wanaosema kwamba mji ukikaza sheria hizi, biashara itakufa. Hoja hii si ya kupuuzwa, kwa sababu mwenye hoteli naye ana watoto. Lakini imeshajaribiwa. Chukueni mji wa New York, ambao haya waliyabishania waziwazi kwa miaka mingi. Mwaka 1995 walipiga marufuku sigara katika mikahawa yenye viti zaidi ya 35, wakaziacha baa na mikahawa midogo. Maana yake ni kwamba mhudumu wa mkahawa mkubwa alilindwa, na yule wa mkahawa mdogo, maskini, mapafu yake yakahesabiwa ni ya chuma! Mwisho wa mwaka 2002 meya Michael Bloomberg akatia sahihi sheria ya kuziba mwanya huo, ikaanza kazi tarehe 30 Machi 2003. Hoja kubwa aliyoishika ilikuwa ya wafanyakazi: mtu asilazimishwe kuchagua baina ya mshahara na afya yake. Wenye baa walipiga kelele kwamba wataangamia. Mwaka mmoja baadaye mji ukatoa hesabu zake: kodi iliyotoka kwenye mikahawa na baa ilikuwa imepanda kwa asilimia 8.7, na ajira katika biashara hizo zimeongezeka kwa watu 10,600. (Habari za baa hazituhusu sisi, lakini hesabu ni hesabu.)

Hawakuishia hapo. Februari 2011 madiwani wa mji huo wakapiga kura kukataza sigara katika bustani za umma na fukwe za bahari, 36 wakaunga mkono na 12 wakapinga. Sheria ikaanza Mei mwaka huo, faini dola 50. Baadhi ya waliopinga walisema kwamba mahali pa wazi moshi hutawanyika, na kwamba serikali ikiingia bustanini kesho itaingia njiani. Nitawaambia kweli, hapa niko nusu na wale 12. Mtu aliyekaa peke yake ufukweni, upepo wa bahari unampiga, simuoni kuwa sawa na yule aliyewasha sigara ndani ya chumba chenye mtoto. Ukikaza kila mahali kwa nguvu ileile, watu hudharau hata pale penye haki ya wazi.

Turudi kwetu. Mwaka 2006 Wizara ya Afya ilijaribu kukataza sigara hadharani kwa kanuni, makampuni ya sigara yakaenda kortini na kanuni zikasimamishwa. Bunge likapitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007, ikaanza kutumika Julai 2008. Hebu isomeni, maana wengi wetu tunaijua kwa kusikia tu. Inakataza kuvuta ofisini, hospitalini, hotelini, katika magari ya abiria, viwanja vya michezo, sokoni, na hata katika nyumba wanamolelewa watoto. Na humo humo kwenye orodha, ndugu yangu, zimo nyumba za ibada. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Sheria hiyo hiyo inakataza kuuza sigara mojamoja. Haya, nenda duka lolote la mtaani uulize kama hupati moja. Tena mtoto aliyevaa sare ya shule atauziwa mbele ya macho yako.

Kwa hivyo nikisikia mji unataka kukaza zaidi, kwanza nauliza: unakaza nini? Ukiongeza faini peke yake, wallahi umempa askari silaha ya kumtisha kijana asiye na kitu. Kijana wa mkokoteni akitajiwa elfu hamsini, atatafuta mia mbili mfukoni na mambo yatakwisha pale pale kichochoroni, na moshi uko palepale. Mimi ningependa mkazo uanze kwa mwenye mahali. Mwenye hoteli, mwenye matatu, mwenye ukumbi wa harusi. New York wakaguzi wa afya waliingia kwa mwenye biashara wakatazama kama tangazo liko ukutani na vibirika vya majivu vimeondolewa. Hilo ni rahisi kuliko kufukuzana na watu barabarani.

Na shisha je? Desemba 2017 serikali ilitangaza kuipiga marufuku, ikapingwa mahakamani. Vijana wetu wengine ndiyo starehe yao ya usiku wa Ramadhani, chumba kimefungwa madirisha, mpira mmoja midomo sita. Ati ina harufu ya tufaha, kwa hivyo haina neno. Moshi wa makaa na tumbaku haubadiliki kwa kutiwa tufaha.

Msikitini kwetu hatuhitaji kungoja diwani. Sote tunajua kwamba Mtume (S.A.W.) alimkataza aliyekula kitunguu saumu kibichi asiukaribie msikiti, kwa ajili ya wenziwe walio safuni. Kitunguu ni chakula halali, na bado jirani akapewa haki yake. Wewe unaingia Isha sigara umeizima kizingitini, unasimama bega kwa bega na mzee mwenye pumu!

Nilipomaliza kuzungumza, kijana mmoja aliuliza, "Sasa mnatufukuza?" La. Tumeshauriana na kamati ya msikiti kwamba lile benchi la mlangoni lihamishwe mpaka nyuma ya tangi la maji, mbali na madirisha na mbali na wauzaji. Anayevuta akae huko, na anayetaka kuacha mwezi huu ajiandikishe kwangu, tuko wanne tulioacha na tutakuwa tukikutana naye kila siku baada ya futari, saa ile ngumu. Jumamosi baada ya Asri tunalibeba benchi. Ni zito, linataka watu sita, na ningependa watatu wao wawe wavutaji.