Picha za Jamaa Zetu na Namna ya Kuzihifadhi





Pumwani ilianzishwa mapema katika miaka ya 1920, na Kaloleni ikajengwa katika miaka ya 1940. Wazee wetu waliokuja mjini kutafuta kazi walivaa nguo zao njema, wakaenda kupigwa picha. Nakala moja ikatundikwa ukutani, nyingine ikapelekwa kwa wazazi mashambani. Nyingi za picha zile nyeusi na nyeupe zaonekana vyema hata leo. Za siku hizi zimo ndani ya simu, na simu ikiibiwa katika matatu, arusi na matanga ya miaka mitano hupotea kwa dakika moja.

Tena, mipango ya kujenga upya mitaa yetu ya kale imekwisha tangazwa. Nyumba zikibomolewa, wajukuu wataonyeshwa nini, kama si picha?

Lakini picha isiyo na jina ni picha ya mgeni. Karatasi yaweza kudumu miaka mingi, hali wale wanaowajua watu waliomo wanapungua kila mwaka. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo twawaomba wanachama mambo manne. Kwanza, kila mwaka kila nyumba ichague picha chache zilizo bora katika simu, zikachapwe kwenye karatasi. Pili, nyuma ya kila picha yaandikwe majina, mahali na mwaka, kwa penseli laini bila kukandamiza; karatasi isiposhika penseli, picha itiwe nambari na majina yaandikwe katika daftari. Tatu, ziepukwe albamu zenye kurasa za gundi, maana gundi huharibu picha. Ziwekwe katika bahasha, ndani ya sanduku, mbali na jua na unyevu. Nne, picha kuukuu zitolewe nakala, na nakala hizo zikae kwa jamaa wa nyumba nyingine, ili moto ukitokea zisiteketee zote.

Vijana, msingoje siku ya mazishi ndipo mtafute picha ya marehemu. Ketini na wazee jioni hizi, mfungue masanduku, mwulize majina, mwandike. Nanyi wazee wetu, twawasihi msichoke kuulizwa, kwa kuwa majina hayo hayapatikani penginepo.