NYAYA ZISIZIKWE DARINI

(Mazungumzo ya fundi umeme wa ushirika wetu mbele ya mkutano wa wanachama)



Nimeombwa niseme machache juu ya maranda tunayomwaga darini ili kuzuia baridi. Huku kwetu Njombe baridi ya Juni na Julai haina mzaha, na maranda tunayapata bure penye mashine za mbao. Wazo ni zuri. Ubaya ni mmoja: darini ndimo zinamopita nyaya za umeme, na wengi wetu tumezizika humo humo.

Sasa je, kuna ubaya gani kuzika waya? Ndugu zangu, kila waya unaopitisha umeme hupata joto. Mzigo ukizidi mara mbili, joto huzidi mara nne. Waya ulio wazi hupoozwa na hewa. Ukiuzika, joto linakosa pa kutokea, kama mtu aliyejifunika mablanketi matano mchana wa jua. Ganda la plastiki la nyaya zetu za kawaida limetengenezwa livumilie nyuzi 70 tu. Likizidi hapo kila siku linakauka, linapasuka, na shaba inabaki uchi ndani ya maranda.

Tuchukue hesabu. Soketi zetu ni za mtindo wa Uingereza, na vipimo vya mafundi wa huko vinasema hivi: waya wa soketi wa milimita 2.5 za mraba, ukibanwa ukutani mahali pa wazi, hubeba ampea 27. Waya huo huo ukizungukwa pande zote na kizuia joto kwa nusu mita au zaidi, hubeba ampea 13.5 tu. Ni nusu kamili!

Haya, mama kawasha jiko la wati 2000, na baba kawasha hita ya chumba ya wati 2000, laini moja. Jumla wati 4000. Gawa kwa volti 230, unapata ampea 17 na ushee. Breka ya ampea 20 imetulia tuli, haikati, maana yenyewe haijui kama waya umezikwa. Waya nao unaungua pole pole. Wapo wanaosema, "Mimi nina breka, sina wasiwasi." Jamani, breka haioni maranda!

Na maranda tunayajua. Hayalipuki kama petroli. Yanafukuta ndani kwa ndani, usiku mmoja, hata siku mbili, ndipo moto unatokea juu ya vichwa vya watoto waliolala.

Basi tufanye nini? Sisemi tulale na baridi. Nasema hivi:

1. Nyaya zipandishwe, zibanwe kwenye kenchi, maranda yabaki chini yake.
2. Maungio yote yawe ndani ya visanduku vyake, na visanduku visifunikwe. Maungio ya kuzungushia selotepu ni hatari hata bila maranda.
3. Nyuma ya taa zilizozama darini paachwe wazi.
4. Yale maboksi meupe mepesi yanayokuja na televisheni yasigusane na waya. Hunyonya mafuta ya plastiki, ganda likawa kavu la kuvunjika.
5. Panya wakionekana darini, nyaya zikaguliwe. Panya hutafuna ganda.
6. Waya usioweza kupandishwa, fundi aweke mnene zaidi, au apunguze breka. Kuongeza breka kwa sababu "inakata kata" ni kujichimbia kaburi.

Mtu asipande darini mwenyewe na kuanza kuvuta nyaya. Zima swichi kuu kwanza, kisha ita fundi mwenye leseni ya EWURA. Ukisikia harufu ya plastiki kuungua, au ukiona dari imebadilika rangi, zima swichi kuu, toa watu nje, ndipo uite majirani.

Mwisho, ndugu Mwenyekiti, ghala letu nalo limewekwa maranda, na chini yake kuna mbolea na mahindi ya wanachama wote. Naomba mkutano huu uamue leo: ghala likaguliwe kwanza, kisha nyumba za wanachama, balozi kwa balozi, kabla ya Juni. Mafundi wa kijiji tupo tayari.

Moto haungoji mkutano wa pili.