Bei ya Unga Hushukia Ghalani: Fundisho kwa Mombasa



Hoja yangu jioni hii ni moja. Serikali ikipanga bei ya unga ilhali ghala ni tupu, wa kwanza kukosa chakula ni yule yule iliyekusudia kumlinda.

Kisiwa hiki cha Mombasa hakilimi mahindi. Sima inayopikwa katika mitaa ya Kuze, Kibokoni na Bondeni huja kwa lori kupitia daraja la Makupa, au kwa meli katika bandari ya Kilindini. Amri ya bei ikienda mrama, sisi hatuna shamba la kukimbilia.

Udhibiti huu wa bei tuliurithi. Mwaka 1942, Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea, serikali ya kikoloni ilishika biashara ya mahindi Kenya nzima. Mlowezi akalipwa bei ya juu kuliko mkulima Mwafrika, na uhaba haukukawia. Baada ya uhuru bodi za mahindi zilibadilika, kibali cha kusafirisha mahindi kikabaki. Soko halikufunguliwa kikamilifu hadi mwisho wa 1993. Kisha mwaka 2011, bei ya unga ikiwa imepanda, Bunge likampa Waziri wa Fedha uwezo wa kisheria kutangaza bei ya juu kabisa ya bidhaa muhimu.

Tupige hesabu. Mei 2017 serikali iliwauzia wasagaji gunia la kilo 90 kwa shilingi 2,300, ili pakiti ya kilo 2 iuzwe shilingi 90. Pumba likiondolewa, pakiti hiyo hula takriban kilo 2.5 za mahindi, yaani shilingi 64. Zilizobaki ni za kusaga, kufunga, kusafirisha na faida. Bei ilisimama kwa sababu nyuma yake palikuwa na mahindi, yakiwemo tani zipatazo 30,000 kutoka Mexico zilizoshushwa hapa bandarini.

Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, pakiti iliyokuwa shilingi 205 ilitangazwa kuwa 100. Sasa chukua gunia la shilingi 6,000: mahindi ya pakiti moja peke yake yanagharimu 167. Tofauti ilipaswa kulipwa na serikali. Wasagaji wakabaki wanadai, rafu zikabaki wazi, na mpango ukafutwa Septemba.

Na ule unga uliopatikana ulimfikia nani? Uhaba ukiingia, maduka makubwa huweka kiwango cha pakiti mbili kwa kila mteja. Mwenye gari huzunguka maduka matatu akajaza buti. Mama wa Kuze hanunui pakiti. Hutuma mtoto na bakuli, muuza duka akafungua pakiti na kumpimia nusu kilo. Kwa bei ya serikali ya 2022, nusu kilo ile ilikuwa shilingi 25. Lakini tangazo lilitaja pakiti. Bakuli halikutajwa, wala hakuna mkaguzi aliyefika kusimama kwenye mizani ile.

Sisemi soko liachiwe kila kitu. Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma mjini humu, mishahara yao ikiwa haitoshi mahitaji ya maisha. Mji uliopitia hayo hauwezi kuambiwa kwamba njaa ni shauri la mtu binafsi. Serikali ina wajibu. Wajibu huo uanzie shambani: bei ya mfuko wa mbolea kuteremshwa kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500 mwaka 2022 kulielekea upande huo. Uendelee ghalani, kwa kununua mahindi wakati wa mavuno na kuyatoa wakati wa kiangazi.

Basi naliomba Bunge lirekebishe sheria ya 2011: waziri asitangaze bei kabla ya kuchapisha idadi ya magunia yaliyomo ghalani na fedha zilizotengwa kulipa tofauti. Na bei hiyo itajwe kwa kilo, ili anayenunua kwa bakuli naye awe na haki ya kuidai.